Meneja anajibu lakini hasemi: dalili, sababu na namna ya kurekebisha mahojiano

Dakika 52 za sauti, meneja amejibu kila swali, amekupa maji baridi na kukusindikiza hadi getini. Ukikaa kuandika, hupati hata aya moja juu ya jinsi kazi inavyokwenda mle ndani. Ni tatizo la kila siku kwa wanaofanya utafiti wa kazi Lubumbashi, Kongo, iwe ni kwenye kampuni za mgodi, magari makubwa ya njia ya Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, maghala ya Kampemba au kampuni za ulinzi.

Jibu la tahadhari si uongo. Linaonyesha mahali ambapo meneja anaona hatari, na mara nyingi hatari hiyo haina uhusiano na kile unachokitafuta. Dalili moja inaweza kuwa na sababu nne, kwa hiyo pima kwanza, tafsiri baadaye.

Anza na wewe mwenyewe

Mtu mwenye begi, fomu, barua yenye muhuri na maswali juu ya mikataba anafanana na nani machoni pa meneja wa Lubumbashi? Mkaguzi wa kazi, mtu wa CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), au mtu wa kodi. Wote hao huja na heshima, huuliza taratibu, kisha huandika PV, yaani ripoti rasmi ya makosa. Kama hukusema waziwazi kwamba wewe si mmoja wao, majibu yote ya dakika ishirini za kwanza alikuwa anampa mkaguzi. Usiyachambue kama majibu ya mahojiano.

Dawa ni sentensi tano kabla ya kuwasha kinasa sauti: unatoka wapi, nani analipia utafiti, nani atasoma, kitu gani huna uwezo wa kufanya ("siandiki PV, siripoti popote"), na kwamba anaweza kuruka swali bila kutoa sababu. Ziseme kwa mdomo hata kama zimo kwenye fomu. Fomu ya kurasa mbili hutiwa sahihi bila kusomwa, na kutia sahihi bila kusoma tayari ni tahadhari.

Angalia pia ruhusa ilipita wapi. Kama direkta mkuu ndiye aliyempigia simu na kumwambia "mpokee huyu", meneja hakukubali, alitumwa. Mkiwa wawili tu, muulize upya: "Papa, tukiacha alichosema direkta, wewe mwenyewe unaona sawa tuongee?" Akisita, mpe njia ya kutoka. Mahojiano mafupi ya dakika kumi na tano kwa hiari yana faida kuliko saa nzima ya mtu aliyefungwa kwenye kiti.

Dalili: anakusomea sheria

"Kazi ni saa 45 kwa wiki, kama code inavyosema." Ni kweli, ndivyo sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inavyosema, na hukuja ofisini kwake kuisikiliza.

Mara nyingi kosa liko kwenye swali. "Mnafuata saa za kazi?" ni mtihani, na mtihani hujibiwa kwa jibu la kufaulu. "Kwa kawaida mnafanyaje?" nalo si zuri sana, kwa sababu kawaida ni utaratibu, na utaratibu uko kwenye kabati. Uliza tukio la mwisho: "Jumamosi iliyopita, basi la mwisho la wafanyakazi lilitoka saa ngapi?" Kisha: "Nani alibaki nyuma, na walirudije nyumbani?"

Akirudia sheria hata kwa swali la Jumamosi, kuna mawili. La kwanza, hajui. Meneja wa ofisi ya mjini anaweza kuwa hajakanyaga eneo la kazi wiki tatu. Huyu ukimwambia "basi nani angejua?", uso unafunguka na anakutajia kapita (msimamizi wa kikundi) kwa jina papo hapo. La pili, anajua na ameamua kutosema. Huyu hurudia kanuni kwa maneno yaleyale, karibu neno kwa neno, na hakutajii mtu. Andika alama kando ya dakika hiyo, nenda kwenye jambo jingine, usirudi hapo kabla ya robo saa kupita. Swali lilelile mara tatu ni ukaguzi.

Dalili: mambo yanatokea yenyewe

Hii inahitaji sikio. Kiswahili kina njia nyepesi sana ya kumwondoa mtendaji, na meneja mwerevu huitumia bila hata kufikiri. Linganisha:

"Mikataba ilikatika mwezi wa sita."
"Mikataba ilikatwa mwezi wa sita."
"Tulikata mikataba mwezi wa sita."

Katika ya kwanza mkataba umekatika kama kamba iliyooza, hakuna mkono. Katika ya pili mkono upo, umefichwa. Katika ya tatu mkono ni wetu, ingawa "sisi" nayo ni blanketi pana: inaweza kuwa yeye, ofisi nzima, au makao makuu ambako hana sauti. Ukifasiri zote tatu kwa Kifaransa kama "les contrats ont pris fin" (mikataba imefikia mwisho), umetupa data yenyewe. Nukuu ibaki kwa lugha iliyosemwa.

Lakini usirukie hitimisho. Lubumbashi umeme hukatika, maji hukatika, mtandao hukatika, na watu husema hivyo mchana kutwa bila kuficha chochote. Kinachohesabika ni mabadiliko ndani ya msemaji mmoja. Ndiyo maana dakika kumi za mwanzo zitumike kwa mambo yasiyouma: mashine mpya, njia ya magari wakati wa mvua, jinsi ghala lilivyopangwa. Sikiliza anavyosema pale: "tulinunua", "nilimwambia fundi", "nilikataa bei ile". Hiyo ni mizani yake. Kama mtu aliyesema "nilikataa" mara nne juu ya matairi anahamia "ilionekana ni vizuri" mara tu mazungumzo yanapofika kwa watu walioachishwa, basi kitu kimebadilika. Kama alikuwa akisema "ilionekana" hata juu ya matairi, ndivyo anavyoongea.

Marekebisho: usiulize "nani aliamua?" Hilo linatafuta mkosaji. Fuata karatasi: "Ile karatasi ilianzia kwenye meza ya nani, ikaenda wapi, ikarudi kwako ikiwa na nini?" Karatasi haina aibu, na safari yake huonyesha uamuzi ulikaa wapi. Mara nyingi utagundua kwamba meneja alificha udogo wake na si kosa lake: uamuzi ulishuka kutoka juu na yeye aliupokea kama wengine.

Dalili: anahamia Kifaransa

Nusu ya mihamo haina maana yoyote. Maneno kama préavis (notisi), prime (bonasi), sous-traitance (kutoa kazi nje), congé (likizo) yanatumika hivyohivyo, hakuna anayehangaika kuyatafutia Kiswahili. Neno moja la Kifaransa ndani ya sentensi ya Kiswahili liache lipite.

Angalia sentensi nzima. "C'est en cours" (inashughulikiwa), "on fait le suivi" (tunafuatilia), "conformément à la procédure" (kulingana na utaratibu) ni sentensi zilizokwisha kuvaa tai. Zimetoka kwenye ripoti na zinarudi kwenye ripoti. Kipimo ni rahisi: uliza linalofuata kwa Kiswahili cha hapa, polepole. Akirudi nawe, alikuwa anatafuta neno tu. Akibaki kwenye Kifaransa na sentensi zinazidi kuwa fupi, umegusa mpaka.

Kuna kinyume chake pia, na wengi hawakioni. Meneja aliyekuwa anaongea Kifaransa cha ofisini anashusha sauti na kusema kwa Kiswahili: "Sasa, huku kwetu, iko hivi..." Hapo usiangalie saa wala kugeuza ukurasa wa daftari.

Dalili: hesabu zinayeyuka

"Vibarua wangapi?" "Wanakuja, wanatoka, inategemea na kazi."

Dalili hii inastahili muda, kwa sababu wanaoanza huiita ubabaishaji na kuipita. Ina sababu nne zinazojulikana.

Ya kwanza ni siku 22. Kifungu cha 40 cha sheria ya kazi kinasema kwamba mtu anayeajiriwa siku kwa siku, akiwa ameshafanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kuisha, mkataba huo mpya unahesabiwa kuwa hauna kikomo. Kwa hiyo kuna mahali ambapo kibarua "anapumzishwa" akikaribia siku hizo, au jina linabadilishwa kwenye orodha. Meneja anayejua hivyo hatakupa idadi ya vibarua pamoja na idadi ya siku zao, maana ukiziweka pamoja utaona mchezo huo.

Ya pili: orodha si yake. Watu wamevaa kofia za rangi moja na wanakula sehemu moja, lakini kila kikundi kina mwajiri wake. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inaruhusu kampuni kutoa nje kazi zisizozidi asilimia 40 ya thamani ya mkataba, na kazi hizo ziende kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani walio wengi. Meneja wa kampuni kubwa anaweza kweli kuwa hajui idadi ya watu wa kampuni ndogo, au anaijua na hataki ionekane kwamba yeye ndiye anayewaamuru.

Ya tatu ni biashara. Idadi ya watu ukiigawa kwenye bei ya mkataba inafichua faida, na mshindani yuko ng'ambo ya barabara. Ya nne ni ya kawaida kabisa: idadi imo kwenye daftari la pointeur anayeandika majina asubuhi, na meneja huiona mwisho wa mwezi tu.

Namna ya kuzitenganisha ni kuuliza hesabu za jirani. Kama tani, lita za mazuti na safari za lori anazitoa hadi ya mwisho, lakini watu ni "kama mia hivi", basi kuhesabu si udhaifu wake. Kama kila kitu ni "kama mia hivi", ni mazoea. Akitoa idadi kamili ya walio na mkataba wa kudumu kisha vibarua wakayeyuka, fikiria sababu ya kwanza au ya pili. Akikuambia "muulize yule wa kampuni yao" na kukupa namba ya simu hapohapo, ni ya pili, na hana woga nayo.

Ukishashuku siku 22, usiitaje. Ukisema "ni kwa ajili ya kifungu cha 40, sivyo?" umerudi kuwa mkaguzi, na mlango umefungwa hata kwa mtafiti atakayekuja mwakani. Uliza upande wa pili wa jambo: "Kibarua mzuri, unayetaka arudi, mnafanyaje asipotee?" Hapo meneja anaeleza mzunguko wote, nani anapumzika lini na nani anampigia simu, tena kwa fahari, kwa sababu sasa anasifu usimamizi wake.

Mishahara ina mtego wake. Watu huongea kwa dola na wengi hulipwa kwa faranga. "Dola 150" bila taux, kiwango cha kubadilisha fedha, si jibu. Uliza: "Mwezi uliopita mlihesabu kwa taux gani?" Akisita hapo, andika alipositia. Kiwango cha kampuni na kile cha wabadilisha fedha wa barabarani si lazima vifanane, na wafanyakazi watakueleza tofauti yake bila kuulizwa.

Dalili: anakimbilia zamani

Umeuliza juu ya hospitali ya wafanyakazi leo, yeye anasimulia Gécamines, kampuni ya madini ya serikali: posho ya unga kila mwezi, shule, hospitali, timu ya mpira. Wengi humkatiza ili "warudi kwenye mada". Ni kosa kubwa kuliko yote yanayotajwa kwenye mwongozo huu. Meneja mwenye miaka hamsini na kitu, mtoto wa mfanyakazi wa Gécamines, hawezi kusema mbele ya kinasa sauti kwamba kampuni yake haiwahudumii watu vizuri. Anachoweza ni kukuonyesha sahani ya jana na kukuachia uangalie ya leo.

Mfuate huko huko, kisha mlete taratibu: "Na kwa hayo yote, ni lipi mmeweza kulibakiza hapa?" Orodha yake itakuwa fupi, na ufupi huo ndio jibu.

Neno la kuangalia ni "départ volontaire", kuondoka kwa hiari. Kati ya 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango wenye jina hilo, na katika familia nyingi za mji huu limebaki kidonda. Ukilitumia kwenye swali kama istilahi tu, utapata ukimya usioelewa umetoka wapi. Sema "watu walipopunguzwa", au subiri alitaje yeye.

Dalili: chumba kina masikio

Mlango uko wazi, katibu anaingia mara tatu kutafuta faili ileile, au DRH (mkuu wa rasilimali watu) amekaa pembeni "kusaidia". Majibu hapa yana mpokeaji wa pili, na huna dawa ya kuyasafisha baadaye. Usimwombe DRH atoke, utamwaibisha meneja. Hamisha mahojiano: omba kuonyeshwa ghala, karakana, mizani ya magari. Mkitembea, mtu wa tatu huchoka. Sauti itakuwa mbaya, jenereta itanguruma, basi acha kinasa na uandike mara tu ukitoka, kabla saa moja haijaisha.

Mkalimani ni masikio ya aina nyingine. Meneja Mchina au Mhindi anaongea dakika mbili, mkalimani anasema "anasema iko bien", yaani iko vizuri. Kabla ya kumshuku meneja, kumbuka mkalimani ni mwajiriwa wake na anaogopa kwa niaba yake. Mwombe afasiri sentensi mbilimbili, na ukiweza pata mtu wa nje asikilize rekodi. Jibu ambalo halijapita kwa msikilizaji wa pili liandike kama jibu la mkalimani.

Dalili: hakuna shida

"Hapa iko tu bien, tunajikaza." Sikia neno la mwisho. Anayejikaza anabeba kitu. Rudisha neno lake bila kuongeza: "Mnajikaza..." kisha nyamaza. Hesabu sekunde tano kimoyomoyo, ni ndefu kuliko unavyodhani. Wahoji wengi huanguka kwenye sekunde ya pili na kujaza kimya kwa swali jipya, na meneja hushukuru.

Akikaa kimya nawe, si ushindi wake wala wako. Uliza kuhusu mtu mwingine: "Meneja mpya akija hapa kesho, ungemwonya nini?"

Baada ya kinasa kuzimwa

Yaliyo mazito husemwa mlangoni, ufunguo mkononi. Si yako bado. Sema palepale: "Papa, hili ulilosema sasa, naweza kuliandika bila jina?" Akikataa, linabaki kama mwanga wa kukuelekeza pa kuuliza kwa wengine, haliingii kwenye nukuu wala kwenye muhtasari.

Kuandika na kulinganisha

Nakala ya maandishi iwe na safu mbili: alichosema na kilichoonekana upande mmoja, tafsiri yako upande wa pili. "Kimya sekunde 6, ameangalia simu" inaingia safu ya kwanza. "Anaogopa" inaingia ya pili, ikifuatwa na sababu angalau mbili zinazowezekana. Ukishindwa kuandika sababu ya pili, hujafikiri vya kutosha. Weka alama kwenye kila kimya kinachozidi sekunde 3, kila mhamo wa sentensi nzima, na kila kitenzi kilichopoteza mtendaji.

Kisha linganisha na vitu vitatu: delege wa sendika (mjumbe wa chama cha wafanyakazi), wafanyakazi wawili au watatu wa zamu tofauti, na karatasi moja isiyotegemea mdomo wa mtu, kama ratiba iliyobandikwa ukutani au buletini ya mshahara iliyofichwa jina. Usipeleke maneno ya mfanyakazi kwa meneja ili "athibitishe", hata kama umeondoa jina. Kikundi cha watu kumi na wawili hakihitaji jina ili mtu ajulikane.

Hilo ni kweli kwa meneja pia. Ukiandika "mkuu wa usalama wa mgodi wa chini ya ardhi wa Kipushi" umeandika jina lake. "Meneja mwanamke wa ghala la saruji, Kampemba" ni karibu sawa. Kabla ya kutoa ripoti, jiulize kama dereva wa kampuni ile angemtambua kwa kusoma mara moja. Kama ndiyo, ondoa kimoja kimoja, kwanza mtaa, kisha jinsia, kisha bidhaa. Na kama ana neno lake analolirudia, lile ambalo ofisi nzima humwigia, liondoe kwenye nukuu hata kama ndilo tamu kuliko yote.